Monita ya 4K unaichomekea waya gani? Nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kuikimbia

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Monita yangu ya kwanza ya 4K ilipofika nilikuwa na haraka ya kuiona inawaka, nikavuta ile droo ya nyaya, si kila nyumba inayo ile droo, nikatoa waya wa HDMI ambao hata sikumbuki ulikuja na nini, nikachomeka kwenye laptop, picha ikaja safi kabisa, maandishi yamekatika kama yamechapwa kwenye karatasi. Kasoro moja tu, mshale wa mausi ulikuwa unatembea kama umebeba gunia. Ukiuzungusha haraka unaona mishale mitano sita imeachana achana kama nyayo kwenye mchanga, ukiskroli ukurasa macho yanauma. Nikasema hii monita mbovu. Nikaenda nikanunua waya mpya wa bei, umesukwa kwa uzi na vichwa vimepakwa dhahabu, nikachomeka, hamna kilichobadilika hata kidogo. Wiki ya tatu ndo nikaingia kwenye setingi za skrini, nikashuka mpaka chini kule ambako huwa haendi mtu, nakuta imeandikwa 30Hz.

Yaani picha ilikuwa inabadilishwa mara 30 kwa sekunde wakati monita imetengenezwa kwa mara 60. Na kosa halikuwa la monita, wala la waya wa kwanza, wala la ule wa pili niliotolea hela bure. Porti ya HDMI ya laptop yangu ilikuwa toleo la 1.4, na hilo kwenye 4K mwisho wake ni hapo hapo 30. Pembeni yake, sentimita mbili tu, kulikuwa na porti ya USB-C niliyokuwa naitumia kuchajia simu. Nikahamishia monita huko, mshale ukateleza kama umepakwa mafuta.

Ndo maana mtu akiniuliza waya gani mzuri huwa namrudisha nyuma kwanza, nione porti zako. Picha inapita sehemu tatu, inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye waya, inaingia kwenye monita, na spidi utakayopata ni ya yule mzembe kuliko wote. Waya wa bei haumfundishi mzembe kukimbia. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi geuza laptop yako uangalie ina matundu gani, tafuta modeli yake kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji usome toleo la kila porti, halafu fanya hivyo hivyo kwa monita. Dakika kumi tu, na mi ningeokoa wiki tatu.

Mzigo wenyewe una uzito gani

Hesabu hii ukiishika mara moja hudanganyiki tena dukani. Skrini ya Full HD ina pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, 1920 kwa 1080, kama milioni 2.07. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, hiyo ni milioni 8.29, mara nne kamili. Kila pikseli inabeba biti 24 za rangi, na yote hayo yanatumwa upya mara 60 kila sekunde. Zidisha hizo tatu unapata karibu gigabiti 12 kwa sekunde, na hapo bado hujaweka nafasi ndogo ndogo zinazoachwa katikati ya picha moja na nyingine. HDMI 1.4 kwenye karatasi inabeba gigabiti 10.2, lakini sehemu ya hiyo ni ya kulinda data isiharibike njiani, kinachobaki kwa picha ni kama 8.2. Sasa 12 utaipitishaje kwenye 8? Haipiti. Kompyuta inapunguza yenyewe mpaka 30Hz wala haikuambii, picha inakuja nzuri tu na we unadhani mambo yako sawa.

Kuna kompyuta nyingine inachagua kudanganya kwa njia ya pili, inakuachia 60Hz ila inakata taarifa za rangi ili mzigo uingie. Hiyo utaijua kwenye maandishi, hasa mekundu au ya bluu juu ya nyeusi, kingo zake zinakuwa na ukungu kama mtu ameandika kwa wino halafu akapitisha kidole. Kwenye filamu huoni kitu. Kwenye kazi ya kusoma na kuandika siku nzima utachoka bila kujua unachoshwa na nini.

Wenye monita ya 1440p msiogope sana, pikseli zenu ni milioni 3.7 hivi, kwa 60Hz karibu kila kitu cha miaka ya karibuni kinatosha. Shida yenu inaanzia mkitaka 144Hz na zaidi.

Namba 1 kwa kompyuta ya mezani: DisplayPort

Sizunguki hapa, kama una kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki na monita ina DisplayPort, chomeka DisplayPort ulale. Hata ile ya zamani, toleo la 1.2 ambalo limeanza mwaka 2010, linabeba gigabiti 17.28 za picha halisi, yaani 4K kwa 60Hz inapita na nafasi inabaki. Toleo la 1.4 la mwaka 2016 linafika karibu gigabiti 26, hapo 4K kwa 120Hz inaingia kwa kubanana banana, na 5K kwa 60Hz inaingia vizuri. Ukitaka 4K kwa 144Hz hesabu inakataa, inafika karibu 29, ila toleo hilo hilo lina mbinu ya kubana picha inaitwa DSC, inabana upande wa kompyuta na kufungua upande wa monita, na kwa macho yangu sijawahi kuona tofauti. Muhimu kadi na monita zote mbili ziwe zinaijua. Halafu kuna 2.1 ya mwaka 2022 inayofika gigabiti 80 kwa ukubwa wake wote, hiyo waachie wenye monita za 240Hz, kwa kazi za kawaida unanunua lori la kubebea mkate.

Kingine kinachonifanya niipende ni ile klipu. Kichwa cha DisplayPort kina vimeno viwili vinavyong'ata, monita haichomoki ukigusa meza na goti. Ila kabla ya kuchomoa bonyeza kile kitufe kwenye kichwa, tafadhali, bonyeza, nimeshuhudia mtu anavuta kwa hasira na kipande cha porti kikatoka na waya.

Tena inaweza kupanga monita kwa foleni, waya mmoja unatoka kwenye kompyuta kwenda monita ya kwanza, mwingine unatoka monita ya kwanza kwenda ya pili, kama monita ya kwanza ina tundu la kutokea. Kwenye Windows inafanya kazi. Kwenye Mac usihangaike, macOS kwa njia hiyo inarudia picha ile ile kwenye monita zote mbili, haikupi skrini mbili tofauti, watu wengi wamenunua monita za foleni wakaishia kununua doki, kile kiboksi cha kuongeza matundu.

Na kwa wenzangu wa Linux wenye kadi za AMD, hii yenu inaenda mbali zaidi ya kupenda. Mwaka 2024 HDMI Forum, wale wenye kiwango cha HDMI, ilikataa AMD isiweke uwezo wa HDMI 2.1 kwenye driva yake ya wazi, ile programu ya kadi ambayo kodi yake iko hadharani, kwa hiyo kama una mpango huo na unataka 4K kwa 120Hz chukua DisplayPort moja kwa moja usijipe presha.

Sasa ubaya wake. Nyaya feki za DisplayPort zina ugonjwa mmoja wa ajabu sana. Kuna pini ya 20 ambayo inabeba umeme mdogo wa volti 3.3, na kwa utaratibu waya wa kawaida unatakiwa usiiunganishe upande na upande. Watengenezaji wa ovyo wanaiunganisha tu. Matokeo yake monita inarudisha umeme kwenye kompyuta kwa mlango wa nyuma. Jamaa yangu alihangaika na kompyuta yake siku mbili, ukiizima kuna taa inabaki inawaka hafifu, ukiiwasha feni zinazunguka halafu hamna kitu, amebadilisha ramu, amebadilisha pawa saplai, fundi ameshaanza kutaja ubao mama. Nikamwambia hebu chomoa waya wa monita kwanza halafu washa. Ikawaka. Akachomeka waya mwingine, mpaka leo inadunda. Kwa hiyo kwenye DisplayPort usitafute wa bei ya kutupa, tafuta ulioandikwa umethibitishwa na VESA, hao ndo wenye kiwango chenyewe. Usihangaike na "waya wa 1.2" na "waya wa 1.4", toleo ni la porti, waya unapimwa kwa spidi tu, uliothibitishwa kwa alama ya DP8K unatosha kwa kila kitu cha 1.4, na kwa 2.1 kuna DP40 na DP80, namba yenyewe ndo gigabiti.

Namba 1 kwa laptop: USB-C, ila hapa ndo kwenye mitego

Najua nimeweka namba moja mbili, mnisamehe, watu wa laptop na watu wa meza wana maisha tofauti. Kwa laptop, USB-C ikikubali hakuna kinachoigusa. Waya mmoja unapeleka picha, unaleta chaji, na kama monita ina matundu ya USB basi kibodi, mausi na hadi waya wa intaneti vinapita humo humo. Unafika, unachomeka kimoja, unaanza kazi. Unaondoka, unachomoa kimoja.

Mtego wa kwanza, tundu. Matundu yote ya USB-C yanafanana sura, tabia mbalimbali. Kuna linalopitisha picha na kuna la data tu, na kuna laptop zina matundu mawili, moja hivi moja vile. Angalia alama pembeni. Ukiona kialama cha herufi D iliyoshikana na P, hilo linatoa picha, humo ndani kinachopita ni DisplayPort ile ile imevaa nguo nyingine. Ukiona kiradi, hilo ni Thunderbolt, linatoa picha pia. Ukiona alama ya USB peke yake au hamna alama, usinunue kitu mpaka usome karatasi za mtengenezaji. Ni kweli kuna wengine wanaweka tundu zuri na hawachori chochote.

Mtego wa pili, waya. Huu ndo unakamata wengi kuliko yote. Ule waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu au hata ya laptop, mara nyingi ndani yake hauna nyuzi za kasi, una za chaji na za USB 2.0 basi. Ukiuchomeka kwenye monita laptop itaanza kuchaji vizuri kabisa, taa inawaka, na skrini itabaki inakuambia hakuna picha. Mtu anasema monita imekufa. Haijafa. Tumia waya uliokuja na monita kwenye boksi, na ukinunua mwingine hakikisha umeandikwa gigabiti 10, 20 au 40, ukikuta umeandikwa Wati 100 peke yake bila spidi basi huo ni wa chaji. Na kwenye chaji pia, waya usio na ile chipu ndogo kichwani mwisho wake Wati 60, laptop ikitaka 90 itakuwa inachaji kwa kujikongoja.

Mtego wa tatu uko ndani ya menyu ya monita na ndo unanichekesha zaidi. USB-C ina njia nne za kasi. Monita ikiamua kukupa matundu ya USB ya kasi inachukua njia mbili za data, zinabaki mbili za picha. Kama laptop yako ni ya DisplayPort 1.4 bado utapata 4K kwa 60Hz, lakini ikiwa ya 1.2 unarudi kwenye 30, yale yale ya mausi kubeba gunia. Monita nyingi za aina hii zina setingi ya kuchagua, unataka USB ya kasi au unataka picha ya kasi. Kama umechomeka kibodi na mausi tu, chagua picha, kibodi haina haraka hiyo.

Angalia pia monita inatoa Wati ngapi. Nyingi ni 65 au 90. Laptop nyepesi ya ofisi 65 inatosha, laptop ya gemu yenye kadi kubwa haitosheki, itakuwa inakula betri huku umechomeka.

Thunderbolt nayo? Ni nzuri, haina longolongo, gigabiti 40 tangu toleo la 3 la mwaka 2015, na toleo la 4 la mwaka 2020 limelazimisha kila kompyuta yenye tundu hilo iweze monita mbili za 4K kwa 60Hz, kwa hiyo ukiona Thunderbolt 4 kwenye laptop hubahatishi. Waya wa toleo hilo la 4 ukiumudu unafanya kila kazi ya USB-C nilizotaja hapo juu. Lakini kwa monita moja ya 4K sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya jina. Na wenye MacBook za chipu ya M1 na M2 za kawaida, hizo zinakubali monita moja tu ya nje, hata ununue doki ya kawaida yenye matundu kumi, nawaambia mapema msije kuwalaumu wauza doki.

Namba 3: HDMI, mzee wa kila mahali

Kwa runinga na mashine za gemu hii ndo njia, PlayStation 5 na Xbox Series X zinatoa HDMI tu, hamna mjadala. Kwa kompyuta naiweka hapa chini kwa sababu moja, majina yake yamevurugwa.

Kwa ufupi, 1.4 ni ya 2009 na kwenye 4K ni 30Hz. 2.0 ni ya 2013, gigabiti 18 za kwenye karatasi, 4K kwa 60Hz inapita vizuri na 1440p kwa 144Hz pia. 2.1 ni ya 2017, mpaka gigabiti 48, 4K kwa 120Hz na zaidi. Januari 2025 ikatangazwa 2.2 ya gigabiti 96, hiyo we iache tu huko iliko.

Sasa vurugu. Hilo neno "mpaka" hapo juu lina mengi. Mwishoni mwa 2021 ilijulikana wazi kwamba kwa kanuni za wenye HDMI wenyewe kifaa chenye uwezo wa 2.0 kinaruhusiwa kuitwa 2.1, kwa sababu mambo yote mapya ya 2.1 ni ya hiari. Ya hiari! Kwa hiyo monita inaweza kuandikwa HDMI 2.1 na ndani yake ni gigabiti 18 zile zile za zamani. Mwenye duka hadanganyi na wewe umeumia. Dawa yake ni kuacha kusoma namba ya toleo, soma mstari unaosema porti hiyo inakubali pikseli ngapi kwa Hz ngapi. Kama hawajaandika "3840 x 2160, 120Hz" pembeni ya neno HDMI, hesabu kwamba haipo. Mara nyingi utakuta wameandika 144Hz kwa herufi kubwa mbele ya boksi, halafu kule nyuma, kwa herufi za sisimizi, HDMI ni 60 na hiyo 144 ni ya DisplayPort peke yake.

Kwenye waya wa HDMI mambo ni marahisi kidogo kwa sababu nyaya zina majina yake, hazina namba za toleo. "Premium High Speed" umepimwa kwa gigabiti 18, unatosha 4K kwa 60Hz. "Ultra High Speed" umepimwa kwa 48, huu unatosha kila kitu mpaka 2.1, na ule halali una lebo kwenye boksi unayoweza kuiskani kwa simu ukahakikisha. Waya uliochapwa "HDMI 2.1 8K" tu bila mojawapo ya hayo majina, hiyo ni ahadi ya mtu usiyemjua. Kama unanunua leo nunua Ultra, tofauti ya bei na ule mwingine siyo kubwa kivile.

Ukishachomeka ingia kwenye menyu ya monita yenyewe, kwa vile vitufe vya chini au nyuma. Kuna monita na runinga zinatoka kiwandani porti ya HDMI imewekwa kwenye hali ya zamani ili isisumbue vifaa vya zamani, lazima uwashe mwenyewe. Kwenye runinga nyingi setingi hii ni ya kila porti peke yake, umewasha kwenye HDMI 1 ukahamia HDMI 2 unaanza upya. Na kama rangi zimepauka, nyeusi inaonekana kijivu, usikimbilie kulaumu waya. Mara nyingi kompyuta imedhani inaongea na runinga ikatuma rangi za upeo mdogo, badilisha kwenye programu ya kadi ya grafiki uweke upeo kamili.

Namba 4: adapta, kwa shingo upande

Adapta ni ya mtu asiye na jinsi, na mimi nimekuwa mtu huyo mara nyingi. Kwanza zina mwelekeo. Zile ndogo za kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita zinapita upande huo tu, ukigeuza haifanyi kazi. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita unahitaji ile yenye chipu ndani, na huwa ina kimkia cha USB cha kuvuta umeme. Ukiona inauzwa ya mwelekeo huo haina kimkia wala sehemu ya umeme, iache hapo hapo mezani.

Pili, hata zile za DisplayPort kwenda HDMI, za bei ndogo zisizo na chipu yake ya kubadilisha zinaishia 4K kwa 30Hz. Na za USB-C kwenda HDMI ndo usiseme, nimewahi kushika boksi moja mbele imeandikwa 4K kubwa kama bango la barabarani, nikaigeuza, nikasogeza kwenye mwanga, pale kwenye kona nikakuta 30Hz. Geuza boksi kila siku. Inayokufaa imeandikwa 4K 60Hz waziwazi.

Kama laptop yako haina USB-C ya picha na HDMI yake ni ya 1.4, kuna adapta za USB ya kawaida zinazotumia DisplayLink. Hizi zinaibana picha kwa kutumia nguvu ya prosesa na unafunga programu yake. Kwa barua, majedwali na mikutano inaenda. Gemu sahau.

Za kuzikimbia: DVI na VGA

VGA ni ya mwaka 1987, ya IBM, inatuma picha kwa mawimbi na siyo kwa biti, kwa hiyo waya wenyewe unaongeza ukungu njiani. DVI ni ya 1999 na hata ile ya njia mbili mwisho wake wa kawaida ni 2560 kwa 1600 kwa 60Hz. Monita ya 4K ya leo haina hata matundu yao. Ukikuta mtu anakuuzia kigeuzi cha VGA na kukuahidi 4K, cheka naye kidogo uondoke.

Mambo ya waya wenyewe

Urefu ndo unaua kuliko chapa. Mita moja mpaka mbili, nyaya nyingi nzuri zinafanya kazi yake bila kelele. Ukifika mita tatu anza kuwa mchaguzi. Mita tano, kumi, kwa 4K ya 60Hz na kuendelea tafuta zile za nyuzi za mwanga, na hizo zina kichwa cha kompyuta na kichwa cha skrini vimeandikwa, ukigeuza hupati picha na utakuwa umeshapitisha waya ndani ya ukuta, kwa hiyo jaribu kwanza sakafuni kabla hujatoboa chochote.

Dhahabu kwenye vichwa inazuia kutu, basi. Haiongezi rangi, haiongezi ukali. Picha ya biti haichakai polepole kama redio inayopoteza stesheni, ama inafika ama haifiki. Waya ukiwa mbovu au mrefu kupita uwezo wake utaona vidoti vyeupe vinametameta, chenga za hapa na pale, au skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili inarudi, hasa ukipandisha Hz. Ukiona hivyo shusha Hz kwa muda. Zikiisha, mtuhumiwa wa kwanza ni waya.

Na wenye kompyuta za mezani, naomba muangalie nyuma. Kuna porti za HDMI na DisplayPort za ubao mama, zimesimama wima juu karibu na USB, na kuna za kadi ya grafiki, zimelala chini. Chomeka za chini. Nimemkuta mtu ana kadi ya maana, mwaka mzima amechomeka juu, gemu inaendeshwa na kile kigrafiki kidogo cha prosesa na kadi imekaa inakula umeme tu.

Ukimaliza kuchomeka fanya jaribio langu la sekunde tano. Fungua setingi za skrini, nenda kwenye maelezo ya juu zaidi ya skrini, soma Hz. Kama iko chini ya ile ya monita fungua orodha uipandishe mwenyewe, saa nyingine kompyuta inaweza na inasubiri uiambie. Halafu zungusha mausi duara haraka uangalie mshale.

Ile droo niliikalisha chini Jumapili moja. Kila waya nikauchomeka kwenye monita, safari hii kutoka kwenye porti inayoweza 60Hz, uliopitisha 4K kwa 60Hz bila chenga nikaufunga gundi ya karatasi nikaandika kwa kalamu "60". Ule wa kwanza kabisa nilioutupia lawama ulipita. Ule wa bei wa kusukwa nao ulipita, sasa hivi uko nyuma ya runinga. VGA zilikuwa tatu, nimebakiza moja ya projekta.